Mkalimani wa Watu wa Chuma

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sioni haya kulisema, maana mke wangu Mariette ameshalitangaza Base Camp nzima, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwa hiyo Alhamisi ile ya mwaka 2009, Nestor, mkalimani wangu, aliponyanyuka katikati ya filamu tuliyokuwa tunaijaribu na kuizima mashine yangu kwa mkono wake mwenyewe, sikumuuliza kwa upole ana shida gani.

"Baba Vanessa, unaharibu nini tena?" nikamfokea.

"Ile neno," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Kila saa banasema roboti, roboti. Roboti njo nini?"

"Njo hawa batu ya chuma! Iko mashini. Hata mutoto anajua."

"Mutoto anajua iko nini. Mimi nauliza ile jina ilitoka wapi, na maana yake ilikuwa gani. Neno yenye sijue maana yake, siwezi kuiweka mu kinywa."

"Sema tu roboti!"

"Nikisema tu roboti, nitakuwa nimesema nini?"

Nilitamani kumtupia kiatu. Filamu ile nilikuwa nimeinunua Mbarara, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba haijafika popote Isingiro. Haikuwa hata na jina kwenye kasha. Nilikuwa nimeshabandika tangazo kwenye ukuta wa duka: Jumamosi saa tisa alasiri, njooni muone watu wa chuma. Zilibaki siku mbili, na mkalimani wangu anagoma kwa sababu ya neno moja.

Sikumtupia kiatu, na lazima nieleze kwa nini. Nina kibanda cha sinema nyuma ya maduka ya Base Camp, kuta za mbao na turubai, mabenchi kumi na manne, televisheni moja, na jenereta ninayoiwasha kwa maombi na mateke. Filamu nyingi ni za Kiingereza, na sisi Wakongo tuliotoka Kivu Kusini Kiingereza kinatupiga chenga. Vibanda vingine vina watu wa kupiga kelele juu ya sauti ya filamu. Wanatia chumvi, wanatania wateja, wanatukana mashemeji zao. Mimi nilikuwa na Nestor, na Nestor alijifunza ukalimani kanisani.

Aliyewahi kukaa kanisani kwetu anaujua ukalimani ule. Mhubiri mgeni anasema sentensi moja, ananyamaza, mkalimani anaisema kwa Kiswahili. Mhubiri akienda hatua tatu kulia, mkalimani naye huyo kulia. Akilia, mkalimani analia. Na mhubiri akisema kwamba mimi zamani nilikuwa mlevi, mkalimani hasemi "anasema alikuwa mlevi." Anapiga kifua na kusema "mimi nilikuwa mlevi," hata kama pombe hajawahi kuionja tangu azaliwe. Hiyo ndiyo kanuni yao. Mkalimani anajiweka kando, anamwachia mwenzake kinywa chake kizima.

Nestor aliihamishia kanuni hiyo kibandani kwangu bila kupunguza kitu. Alisimama kando ya televisheni na koti lake la Jumapili. Mimi nilishika rimoti, nikaisimamisha filamu kila baada ya sentensi, yeye akasema, nikaiachia tena. Filamu ya saa moja na nusu ilitumia saa tatu, na hakuna aliyenung'unika. Jambazi akisema atamuua mtu, Nestor alimkazia macho aliyekaa benchi la mbele na kusema, "Mimi nitakuua," kwa sauti ambayo watoto waliikimbia. Mjane akilia, alilia na mjane. Nimekaa na mafundi wengi katika maisha yangu, wa baiskeli, wa redio, wa matofali, na sijaona fundi aliyeiheshimu kazi yake kama yule bwana. Nilimpenda kwa hilo, na pia alinichosha kupita kiasi.

Swali ni kwa nini mtu kama huyo alikuwa kwangu na si kanisani. Alikuwa kanisani mwanzoni. Mwaka 2007 alikuja Nakivale mama mmoja mfugaji, Nyiransengimana, kutoka milima iliyo juu ya Uvira. Jumapili yake ya kwanza alimwona Nestor amesimama kando ya mhubiri, akapiga ukelele mpaka ibada ikasimama. Alipotulia aliwaambia wazee wa kanisa habari yake. Mwaka 1998 watu wenye bunduki walichoma nyumba yake. Yeye alikuwa amejificha porini na wajukuu, na kutoka pale alimwona mtu huyu katikati yao, amevaa koti la kijeshi. Hakumfananisha. Kabla ya vita Nestor alikuwa mchuuzi wa chumvi na sabuni kule milimani, na nyumbani kwa mama huyo alikuwa akikaribishwa na kupewa maziwa. Kwa wafugaji wale, mtu aliyekunywa maziwa yako hawezi kukuletea moto. Ndiyo maana mama alilia zaidi kwa sababu ya maziwa kuliko kwa sababu ya nyumba.

Wazee walimuuliza Nestor. Akajibu neno moja: "Nilikuwepo." Wakamuuliza tena, akanyamaza. Wakamwambia akae chini mpaka jambo liwe wazi.

Alikaa benchi la nyuma miaka miwili. Mahali pake wakamweka kijana Gradi, ambaye mhubiri akizungumza dakika tano yeye anasema, "Mungu ni mwema," basi. Nestor hakuwa na shamba la maana wala ng'ombe. Alichokuwa nacho ni ile nafasi ya kusimama na kuwafikishia watu maneno, na kila Jumapili nilimwona anazeeka akiwa amekaa. Sasa wazee walikuwa wameweka kikao cha mwisho, Jumapili hii, baada ya ibada. Kama bado hana la kusema, jina lake lingefutwa, na barua ingeandikwa kwa makanisa yote ndugu kwamba huyu asisimame tena mimbarani. Nilikuwa nimembembeleza mara mia. Nilimwambia mficha uchi hazai. Alinijibu kila mara jibu lile lile: "Nikisema, batasikia nini?"

Ndiyo sababu Ijumaa asubuhi, badala ya kutafuta mkalimani mwingine, nilidandia naye lori la matoke kwenda Mbarara kuulizia neno. Mariette alisema tumerukwa na akili wote wawili. Lori lilipita Masha likisimama kila palipo na mikungu. Tulishuka mjini, tukatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Ruti, nyumbani kwa Mwalimu Kabanda.

Mwalimu Kabanda alifundisha Kifaransa Bukavu miaka thelathini. Vita vilipofika alikimbia na kamusi kubwa kichwani badala ya godoro, na mkewe mpaka leo hajamsamehe. Alitupokea kwa furaha, maana watu wanaokuja kumuuliza neno ni wachache. Akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akafungua kitabu chake kilichotafunwa pembe na mchwa.

"Ah! Njo hii," akasema. "Iko neno ya Kicheki, batu ba kule Ulaya. Mu mwaka 1920 mutungaji moja alikuwa anaandika muchezo wa kuigiza. Mu ile muchezo kulikuwa batu ba kutengenezwa mu kiwanda, juu bafanye kazi mu fasi ya batu bengine. Hakujua abaite namna gani. Banasema alienda kuuliza ndugu yake, muchoraji wa picha, na ile ndugu akamupa jina bila hata kuacha kuchora. Roboti."

"Na ndugu aliitoa wapi?" Nestor akauliza.

"Kwa neno ya zamani: robota. Zamani kule mukulima hakuwa na nafsi yake. Kila juma alipashwa kutumika siku fulani mu shamba ya bwana wa inchi. Bila malipo. Akikataa, anapigwa. Ile kazi njo robota. Mu Kiswahili ya vitabu banaiita shokoa."

"Sawa na salongo," nikadakia. Enzi za Zaire tulitolewa majumbani kila Jumamosi kwenda kulima barabara kwa nguvu, na juu yake tulilazimishwa kuimba. Vita vilipoanza, wenye bunduki wa kila aina walilirudisha jina hilo hilo, bila nyimbo.

"Salongo walau mulikuwa munaimba," Mwalimu akacheka. "Baba yangu, wakati wa Babelgi, hakuimba hata siku moja."

Nestor hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kile kitabu, kidole kwenye mstari, midomo inatembea. Hakijui vizuri Kifaransa cha kusoma, lakini alipita neno kwa neno.

"Mwalimu, bale batu ba ule muchezo wa kwanza, balikuwa ba chuma?"

"Hapana. Chuma ilikuja nyuma, mu sinema. Ba kwanza balikuwa na nyama na ngozi, sawa weye na miye. Ukibaangalia hauone tofauti."

"Na bakitumwa kufanya mubaya, banafanya?"

"Banafanya. Njo maana balitengenezwa."

"Sasa ile mubaya inakuwa ya nani?"

Mwalimu Kabanda akavua miwani ya juu, kisha ya chini. Nilimwona anatafuta jibu kwa moyo wote, maana ni mtu anayechukia kushindwa mbele ya wageni.

"Ile haiko mu diksioneri," akasema mwishowe.

Nestor akamshukuru kwa mikono miwili. Akaomba kalamu, akaandika maneno mawili kwenye kiganja chake, roboti na robota, na njia nzima ya kurudi aliufunga mkono ule kana kwamba ameshika sarafu. Tulipofika karibu na Base Camp akaniambia.

"Kesho nitatafsiri. Lakini nataka Mama Nyiransengimana akuwe pale, benchi ya mbele."

Nilipandwa na mori papo hapo. Nilimwambia yule mama ndiye aliyemtoa kanisani, na sasa anataka amtoe na kibandani? Anataka nimpelekee fisi mwaliko wa harusi ya mbuzi? Nestor alingoja nimalize, kama alivyozoea kungoja wahubiri.

"Nikienda miye, atafunga mulango," akasema. "Enda weye."

Nikaenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kumwona mama huyo kwa karibu ili niwe na sababu ya kumchukia vizuri. Nilimkuta nje ya nyumba yake ya udongo anasugua chombo cha maziwa. Kabla sijasema kilichonileta alinipa kigoda, akanipa na kikombe cha maziwa, akangoja nikimalize. Ilikuwa ni adabu tu ya kwao. Lakini niliyanywa maziwa yale huku nikimfikiria Nestor na chumvi yake, na hasira yangu yote ikakosa mahali pa kukaa. Nikamweleza. Nikamwambia wazi nani anamwita.

Aliweka chombo chake chini. Ni mama mrefu, mkavu, mzee kuliko nilivyodhani.

"Sijapata kuona sinema," akasema. "Inaanza saa ngapi?"

Jumamosi saa tisa kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa chini kwenye vumbi. Turubai zilikuwa zimeshushwa, ndani giza, nje jua kali. Mama Nyiransengimana alikaa benchi la mbele peke yake, hakuna aliyethubutu kumsogelea. Nestor akatoka na koti lake la Jumapili. Hakumtazama. Nikabonyeza rimoti.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mji wa matajiri, na watu wa chuma wanawafanyia kila kitu: wanapika, wanachimba, wanazika. Mara ya kwanza tajiri alipoita roboti, nikaisimamisha filamu.

"Batumikishwa!" Nestor akaita. "Batumikishwa, mukuje hapa!"

Watu wakalipokea bila kuuliza. Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Mtumikishwa ni yule ambaye kazi imemshika yeye. Baada ya robo saa hata watoto walikuwa wanasema batumikishwa. Niliona raha, nakiri. Nilifikiri ile safari ya Ruti haikuwa bure, na kwamba mkalimani wangu ni bingwa kuliko wote wa nchi hii.

Kisha ikaja sehemu ya moto. Tajiri anawaamuru watu wa chuma wakachome mtaa wa maskini. Wanakwenda kwa mstari, bila neno, wanapiga milio tu ya vyuma. Kibanda kikachafuka. "Bauliwe!" "Mashetani hawa!" Mwishoni kabisa mwa mstari kulikuwa na mmoja asiyerusha moto. Amebeba tangi mgongoni, anafuata wenzake. Kamera ilimkaa usoni kidogo, uso wa bati usio na kitu. Nestor akainua mkono, nami nikasimamisha filamu pale pale.

"Mimi sina moto," Nestor akasema. "Mimi nimebeba."

Nikashangaa. Yule mtu wa bati hakuwa amesema chochote. Katika miaka yote hiyo Nestor hakuwahi kuongeza hata herufi moja ambayo mwenye filamu hakuisema.

"Balinikamata mu njia, na mufuko yangu ya chumvi," akaendelea. "Balitupa chumvi, bakanipatia jerikani ya mafuta. Balinivalisha koti ya soda, koti ya jeshi, juu kama kuna mutu anarusha risasi, anianze mimi. Tulikuwa babebaji tano. Moja alitupa muzigo wake chini. Balimuua hapo hapo, na muzigo yake bakaigawanya kwetu."

Kufikia hapo jenereta yangu ikakohoa mara mbili na kuzimika. Televisheni ikawa nyeusi. Kwa kawaida hapo wateja hupiga miluzi, nami hukimbilia nje kuipiga mateke. Safari hii hakuna aliyepiga mluzi. Niliinuka, nikafika mlangoni, nikasimama na kamba ya kuwashia mkononi, maana Nestor alikuwa bado anasema. Filamu haikuwepo, mhubiri hakuwepo, na yeye alikuwa anasema mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatafsiri mtu.

"Tulipanda mulima siku mbili. Sikuulizwa tunaenda wapi. Tulipokaribia nikaanza kutambua miti. Nikatambua na kijia. Nikatambua ile fasi bibi mwenye nyumba alikuwa anaanika vyombo vya maziwa. Nikajua ni kwa nani. Nilijiambia: tupa hii kintu mu bonde, ufe. Nilijiambia vile hatua kwa hatua. Sikutupa. Nilibeba mpaka mu mulango. Nikaiweka chini, bengine bakaichukua, bakamwaga. Mimi sikuwasha. Lakini ile mafuta ilifika pale na mugongo wangu. Nimeuliza batu ba vitabu ile kosa ni ya nani, haiko imeandikwa. Njo sababu nilinyamaza. Nikisema sikuwa pamoja na bale, ni uongo. Nikisema nilikuwa pamoja na bale, ile pia ni uongo."

Akaishia hapo. Gizani nilisikia mtu anavuta kamasi, sijui nani, labda ni mimi. Mwanga wa jua uliingia kwenye tundu la turubai na ukampiga Mama Nyiransengimana begani. Akainuka. Watu wakampisha. Alipita mbele ya Nestor karibu kabisa, akapita na mbele yangu mlangoni, akaenda zake.

Sikuiwasha jenereta tena siku ile. Watu walitoka mmoja mmoja, na mwisho wa filamu hakuna aliyeuulizia. Nilimwambia Nestor amejimaliza. Koti la kijeshi alikuwa ameshaulizwa, lakini habari ya jerikani hakuna mtu aliyekuwa anaijua duniani, na amempa mshitaki wake kuni za kumchomea. Nilimwambia kwa ukali kwa sababu nilikuwa naogopa. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi tupu anajikuna kiganja, wino wa jana haujatoka.

"Sasa anajua yote," akasema. "Afanye vile anataka."

Jumapili, baada ya ibada, wazee walikaa mbele ya mimbari, Pasta Ushindi katikati. Pasta ni mtu mpole ambaye angependa kila jambo liishe kwa wimbo. Habari za kibandani zilikuwa zimeshasambaa kote, na madirisha yalijaa vichwa. Pasta akamwomba Mama Nyiransengimana aseme la mwisho.

"Mambo ya nyumba yangu nitasema na luga ya nyumba yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mutu anitafsirie."

Pasta akamwita Gradi, ambaye mama yake ni wa kule milimani. Mama Nyiransengimana akazungumza kwa lugha ya kwao, maneno mengi, mazito, mkono mmoja kifuani. Alipotua, Gradi akakohoa.

"Anasema kulikuwa na shida," akasema.

Mama akamgeukia Gradi kwa huruma, kama mtu anayemwangalia ndama mwenye miguu mibovu. Kisha akanyoosha kidole benchi la nyuma. "Yule. Luga yangu aliijulia kwangu. Atafsiri yeye."

Wazee wakashtuka. Mmoja akasema haiwezekani mshitakiwa akamtafsiria mshitaki wake. Atapotosha.

"Jana angeweza kupotosha," mama akajibu. "Maneno ni yangu. Mutu wa kuyasema nachagua miye."

Nestor akaja mbele. Miaka miwili hakuwa amekanyaga pale. Akasimama kando ya mama, hatua moja nyuma, mikono mbele, kama inavyotakiwa. Mama akasema sentensi, akatua. Nestor akapiga kifua.

"Mimi ni Nyiransengimana," akasema. "Mimi nilichomewa nyumba."

Mama akaendelea, naye akaendelea. Sauti ile ilirudi yote, ile niliyoijua, isiyoongeza wala kupunguza.

"Mimi nilimuona huyu mutu mu moto, na sikudanganya. Miaka mbili nimengojea adanganye, juu nipate kumuchukia bila kuchoka. Hakudanganya. Jana amenipa na ile ya jerikani, yenye sikuijua. Nimelala nayo, imeniuma. Bale baliochoma nyumba yangu sijabasamehe, na musiniombee leo nibasamehe. Maziwa yangu yalimwagika mu majivu, nayakumbuka. Lakini bale balikuwa na midomo ya kusema choma. Huyu alikuwa na mugongo tu. Alibebeshwa. Nami nilibebeshwa watoto ba binti yangu, nikabakimbiza mu pori, na sikuulizwa kama naweza."

Pasta alikuwa amefunika uso. Mama Nyiransengimana akasema sentensi moja fupi ya mwisho, akatua, akangoja.

Nestor hakusema. Gradi alikuwa ameielewa ile sentensi, akainua mkono kwamba yeye anaweza kuisema. Mama akamkatalia kwa kichwa. Akairudia taratibu, neno kwa neno, akimtazama Nestor machoni.

Nestor akatazama sakafu. "Mumurudishe huyu mutu hapa mbele, fasi yake," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi wa benchi la pili niliisikia kwa shida.

"Sikusikia," Mama Nyiransengimana akasema kwa Kiswahili. "Na bale ba kwa dirisha habakusikia. Sema na nguvu."

Akainua kichwa, akalisema tena, na safari hii walilisikia mpaka barabarani.